Tigran Petrosian: bingwa aliyeshinda kwa kumnyima mpinzani mchezo wake

Mleta uzi, Ngamiani, Tanga

Habari za jioni, ndugu zangu. Pale barazani kwetu Ngamiani ubishi wa sataranji siku hizi unakaribia kuufunika ule wa Coastal Union na African Sports, kwa sababu vijana waliokuwa wakicheza drafti tu sasa wana sataranji kwenye simu zao, na usiku wanatazama michezo ya mabingwa wa zamani. Mapenzi yao yote yako kwa Mikhail Tal, aliyekuwa tayari kutoa kafara hata malkia ili apate njia ya kumfikia mfalme. Tigran Petrosian, bingwa wa dunia kuanzia 1963 hadi 1969, wanamtaja kwa dhihaka tu: bingwa wa sare, mwoga aliyejificha nyuma ya askari wake. Nimeleta uzi huu kumtetea, na naomba tujadiliane kwa hoja.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kungoja na kuzuia ni mambo mawili tofauti, na wanaomdharau Petrosian wanayachanganya. Anayengoja hajui mwenzake atafanya nini. Petrosian alijua, mara nyingi kabla ya mpinzani mwenyewe kujua, na hatua zake nyingi ambazo kwa macho ya haraka zinaonekana hazina kazi zilikuwa zinafuta mpango ambao ungezaliwa hatua tano au kumi baadaye. Ndiyo maana michezo yake haivutii kwenye simu: mashambulizi yaliyozuiwa hayaonekani ubaoni.

Alizaliwa tarehe 17 Juni 1929 mjini Tbilisi, Georgia, katika familia ya Kiarmenia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alifiwa na wazazi wote wawili akiwa bado mdogo, akalazimika kufagia mitaa ili apate riziki. Sataranji aliisomea kwenye Kasri la Vijana la Tbilisi chini ya mwalimu Archil Ebralidze, na katika miaka hiyo hiyo ya dhiki alitumia fedha za posho yake ya chakula kununua kitabu cha Aron Nimzowitsch, yule aliyefundisha kwamba kuuzuia mpango wa mpinzani ni kazi ya msingi ya mchezaji na haipaswi kuachwa mpaka mambo yaharibike. Anayetaka kujua mtindo wa Petrosian ulitoka wapi aanzie hapo, asianzie kwenye tabia yake. Mwaka 1946 alihamia Yerevan, baadaye Moscow, na mwaka 1952 mjini Stockholm akamaliza mashindano ya kufuzu bila kupoteza mchezo hata mmoja. Ubingwa wa Umoja wa Kisovyeti, ambao kwa ugumu wake ulikuwa mashindano ya dunia kwa jina jingine, aliuchukua mara nne: 1959, 1961, 1969 na 1975.

Sasa naomba tusogee karibu na mchezo mmoja, kwa sababu mtindo hauthibitishwi kwa sifa. Ni mwaka 1953, mjini Zürich, katika mashindano ya kumtafuta mpinzani wa bingwa wa dunia. Samuel Reshevsky wa Marekani anacheza na vipande vyeupe dhidi ya Petrosian. Baada ya hatua ya 25 ya Reshevsky, askari weupe wamesimama d4 na e5 (herufi ni safu ya wima, namba ni mstari wa mlalo), ngome zake mbili zimepangwa moja nyuma ya nyingine kwenye safu ya e, askofu wake yuko g4, na mpango wake unajulikana na kila mtu aliyeketi ukumbini: atamsukuma askari wa e mbele, naye ataupasua ulinzi wa weusi katikati. Petrosian anataka kumweka farasi wake d5, kwa kuwa pale hakuna askari mweupe wa kumfukuza, lakini njia ya kufika huko inapitia e7, na e7 imekaliwa na ngome yake mwenyewe.

Wachezaji wengi wangeirudisha ngome nyuma kuiokoa. Petrosian aliisogeza mbele mraba mmoja, hadi e6, mahali ambapo askofu mweupe anaweza kuila. Tazameni hatua hiyo moja inafanya kazi ngapi. Inamfungia njia askari wa e5, inamfungulia farasi mraba wa e7, na endapo askofu ataila, askari mweusi wa f7 atamla askofu na kuhamia e6, ambako atakuwa nguzo ya farasi atakayekaa d5. Reshevsky aliila ngome, farasi akafika d5, na kuanzia hapo askofu mweupe aliyebaki hakuwa na pa kutazama, kwa maana njia zake zilijaa askari wake mwenyewe. Katika hesabu ya kawaida ngome ni pointi 5 na askofu ni pointi 3. Kwa hesabu hiyo Petrosian alikuwa nyuma, lakini kwa hesabu ya ubao ule hakuwa nyuma hata kidogo, na mchezo ukaisha sare katika hatua ya 41. Sare hiyo, kwa maoni yangu, ina akili nyingi kuliko ushindi mwingi tunaoshangilia.

Karibuni.

Mdau wa Raskazone

Heshima kwako, mleta uzi. Maelezo ya mchezo wa Zürich nimeyaelewa na sina ugomvi nayo, lakini umeruka mahali panapokuuma. Mbona huzungumzii mashindano ya kumtafuta mpinzani wa bingwa kule Curaçao mwaka 1962? Petrosian alipata haki ya kumkabili Botvinnik, bingwa wa dunia wa wakati huo, kwa kukusanya pointi 17.5 katika michezo 27, akiwa ameshinda 8 na kutoka sare 19. Kati ya sare hizo, 8 ni zake dhidi ya Wasovyeti wenzake wawili, Paul Keres na Efim Geller, na nyingi ziliisha mapema kabla hata jasho halijatoka. Ukijumlisha na zile za Keres na Geller wao kwa wao, ni michezo 12 ya watu watatu, na yote ni sare. Bobby Fischer aliyakemea hayo hadharani katika gazeti la michezo la Marekani mwaka huo huo, na Shirikisho la Dunia, FIDE, likaubadili utaratibu wa kumtafuta mpinzani wa bingwa, likaweka mapambano ya mtoano ya watu wawili wawili. Mtu hubadili kufuli baada ya wizi, ndugu yangu.

Sisemi kwamba hakuwa na kipaji. Nasema kwamba mtindo wake ulimfaa mtu mwenye marafiki.

Mleta uzi

Mkuu wa Raskazone, sikupanga kuiruka Curaçao, nilitaka ije kwa mdomo wa mwingine, na nashukuru umeileta na takwimu zake kamili. Zile sare 12 hazina utetezi mzuri. Watu watatu walipumzika wakati wengine walikuwa wakipigana chini ya jua la visiwani, na mimi nikiwa mwandaaji wa mashindano ningeudhika kama Fischer alivyoudhika.

Lakini tuzihesabu hadi mwisho. Keres na Geller nao walipata mapumziko yale yale, tena kwa kiasi kile kile, na bado walibaki na pointi 17 kila mmoja. Tofauti ya nusu pointi ilitokana na michezo waliyocheza na watu wengine, na hapo Petrosian hakupoteza hata mmoja, ilhali Keres aliangushwa na Pal Benko karibu kabisa na mstari wa kumalizia. Fischer mwenyewe alimaliza na pointi 14. Nafasi kama hiyo haizibwi kwa kulaumu sare za watu wengine, kwani alipata fursa ya kukutana na Petrosian ana kwa ana mara nne na hakumpita.

Kisha kuna mwaka 1963. Pale hapakuwa na rafiki. Mikhail Botvinnik alikuwa ameketi upande wa pili wa meza mjini Moscow, mtu aliyelichukua taji kwa mara ya kwanza mwaka 1948 na aliyekuwa na desturi ya kuwasoma wapinzani wake kwa miezi. Petrosian alipoteza mchezo wa kwanza. Wa tano ndio uliogeuza hali: malkia wote wawili walitoka ubaoni karibu na hatua ya kumi, yaani kabla ya wengi wetu kumaliza kupanga vipande, na kuanzia hapo Petrosian akabana polepole, mraba baada ya mraba, hadi Botvinnik akasalimu. Pambano likaisha 12.5 kwa 9.5, ushindi 5, kipigo 2, sare 15. Utaratibu wa zamani uliompa bingwa aliyeshindwa haki ya kurudiana ulikuwa umefutwa, na Botvinnik, aliyekuwa ameutumia kulirudisha taji mara mbili, hakuliwania tena.

Mzee wa Makorora

Wanangu, mimi sataranji nimeijifunza ukubwani, nilichokulia ni bao. Nimesoma mabishano yenu kwa makini na ninachokiona ni hiki: kijana anayeanza bao anafurahia kula, kila nafasi ya kula anaiona ni faida, na hajali nyumba yake imebaki vipi. Fundi huanza kwa kutazama upande wa mwenzake, akajiuliza mwenzake akila atafika wapi, halafu ndipo anapogusa kete zake. Anaweza kuacha kula hapa ili mwenzake asipate njia kule. Watazamaji wageni huona kwamba fundi hachezi. Baada ya muda mwenzake anakuwa na kete nyingi na hana mtaji, yaani hana nafasi ya kula.

Huyo Petrosian mnayemsema, kama mlivyomweleza, ningekaa naye.

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Umenipunguzia kazi, kwa sababu maelezo hayo ndiyo niliyokuwa nikiyatafuta kwa ajili ya wale vijana, na wao watakusikiliza wewe kabla yangu.

Nitaongeza mfano unaokwenda pamoja na ulichokisema. Mwaka 1960 mjini Hamburg timu ya Umoja wa Kisovyeti ilipambana na ya Ujerumani Magharibi, na Petrosian akakutana na Wolfgang Unzicker. Ilifika mahali Petrosian akawa ameubana upande wa malkia kiasi kwamba Unzicker hakuweza kufanya lolote zaidi ya kumsogeza mfalme wake g8, kisha h7, kisha kurudi g8. Petrosian alitaka kufungua mashambulizi upande wa mfalme, lakini mfalme wake mwenyewe alikuwa anakaa upande huo huo, na askari wangeondoka mbele yake wangemwacha wazi. Basi akamwondoa mfalme kwa miguu. Kutoka g1 akampeleka f1, e1, d1, c1, b1, akiwavusha askari na vipande vingine hapa na pale njiani, na hatimaye akamfikisha a2, pembe nyingine kabisa ya ubao, huku Unzicker akitazama bila uwezo wa kuzuia. Ndipo askari wa upande wa mfalme walipoanza kusonga mbele, na Unzicker akashindwa.

Sijui mchezo mwingine unaoonyesha kwa uwazi kama huo nini maana ya kumnyima mtu mchezo. Mfalme ndiye kipande ambacho sote tulifundishwa kukificha, na yeye alimtembeza ubao mzima katikati ya pambano, kwa sababu alikuwa amehakikisha kwamba hakuna wa kumgusa. Mwoga hathubutu kufanya hivyo.

Dada wa Pangani

Naomba kuuliza, kaka, maana mada ni nzuri na sitaki kuichafua. Nimewahi kusikia kwamba Petrosian alikuwa na tatizo la kusikia. Je, ni kweli, na lilimwathiri vipi mezani?

Mleta uzi

Ni kweli, dada yangu. Usikivu wake ulikuwa hafifu na alivaa kifaa cha kusaidia kusikia. Kuhusu athari zake, kisa kinachojulikana ni cha mwaka 1971 mjini Seville, alipopambana na Robert Hübner katika robo fainali ya kumtafuta mpinzani wa bingwa. Ukumbi ulikuwa na kelele. Petrosian alikuwa na uwezo wa kuzima kifaa chake na kubaki kwenye ukimya wake, lakini Hübner hakuwa na cha kuzima, na kelele zikamkera. Michezo sita ya mwanzo ilikwisha kwa sare, wa saba Petrosian akashinda, na Hübner akajitoa kwenye pambano.

Hübner alilipa deni hilo mwaka uliofuata mjini Skopje, katika Olimpiadi ya Sataranji, muda wa Petrosian ulipokwisha kwenye saa. Inafaa kulitaja hilo kwa sababu Petrosian alicheza Olimpiadi kumi, kuanzia 1958 hadi 1978, jumla ya michezo 129, akashinda 78, akatoka sare 50, na kushindwa ule mmoja tu. Timu yake ilichukua dhahabu tisa na fedha moja. Wanaomwita bingwa wa sare wangezitazama hizo 78.

Mwalimu wa Chumbageni

Nimekuwa msomaji kimya wa uzi huu na sasa naomba nafasi. Ninasimamia klabu ndogo ya sataranji katika shule moja ya sekondari hapa mjini. Wanafunzi wanacheza baada ya vipindi, vipande vingine vimepotea na kizibo cha soda ndicho kinachosimama badala ya askari, lakini hamasa ipo. Hofu yangu ni ya kimalezi. Mtoto ukimwonyesha Petrosian mapema, anachukua umbo la nje na kuacha kiini. Anawapanga askari wake nyuma, hasogei, anajibu tu kila anachofanyiwa, na anaamini kwamba anacheza kwa hekima. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja. Anayefundishwa kushambulia kwanza atakosea, lakini makosa yake yanaonekana na yanarekebishika, wakati yule aliyejificha anapoteza taratibu na hajui ni wapi alipopotea. Kwa hiyo nauliza, je, si kweli kwamba vijana wa barazani wana haki kuanza na Tal, hata kama wanamkosea Petrosian heshima?

Mleta uzi

Mwalimu, swali lako ndilo zito kuliko yote humu, na nakubaliana nawe zaidi ya unavyodhani. Huwezi kuzuia shambulizi usilolijua. Petrosian mwenyewe alikuwa hodari mkubwa wa mahesabu ya karibu, mapigo ya ghafla aliyaona upesi kuliko wengi, na bila uwezo huo uzuiaji wake ungekuwa bure.

Ushahidi ni mchezo wa kumi wa pambano la mwaka 1966 dhidi ya Boris Spassky, pale alipokuwa akilitetea taji. Spassky alikuja na vipande vyeusi akishambulia upande wa mfalme. Petrosian akaiachia ngome ya kwanza iliwe na askofu, na muda mfupi baadaye akaitoa ya pili kwa kumla farasi aliyekuwa amejikita f4. Hayo ni makafara mawili ya aina ile ile tuliyoiona Zürich. Kufikia hatua ya 29 hali imegeuka kabisa: mfalme mweusi yuko g8, ngome yake iko f7, malkia wake yuko g5, na farasi mweupe amesimama d6. Katika hatua ya 30 Petrosian akampeleka malkia wake h8, akamweka mdomoni mwa mfalme. Mfalme akimla, farasi anaila ngome f7, na kwa hatua hiyo moja anamtishia mfalme aliye h8 na malkia aliye g5. Malkia mweusi anaondoka, na mweupe anabaki na kipande kizima cha ziada. Spassky hakusubiri kuoneshwa, alisalimu hapo hapo.

Waonyeshe wanafunzi wako huo, Mwalimu, usiwaambie ni wa nani. Nina hakika watasema ni wa Tal.

Pambano lile liliisha 12.5 kwa 11.5. Tangu Alexander Alekhine alipomshinda Efim Bogoljubov mwaka 1934, hakuna bingwa aliyekuwa ametetea taji kwa kushinda pambano. Botvinnik alilibakiza mara mbili kwa sare.

Mdau wa Raskazone

Nakubali ule wa malkia h8 ni mzuri, nimeupanga kwenye ubao wangu sasa hivi na nimetabasamu peke yangu. Lakini mleta uzi, simulizi yako inaishia mahali pazuri kwa makusudi. Mwaka 1969 Spassky yule yule alirudi na kumvua taji kwa 12.5 dhidi ya 10.5. Mwaka 1970 mjini Belgrade, Umoja wa Kisovyeti ulipocheza na timu ya dunia nzima, Fischer alimpiga 3 kwa 1. Mwaka 1971 mjini Buenos Aires Fischer huyo huyo akampiga 6.5 kwa 2.5. Je, hiyo siyo dalili kwamba watu walishaipata dawa yake? Mtu anayeishi kwa kuzuia anahitaji mpinzani awe na mpango unaoweza kuzuilika. Fischer alikuwa na mipango kadhaa kwa wakati mmoja, na hapo ukuta ukabomoka.

Mleta uzi

Mkuu, hoja ya mipango kadhaa kwa wakati mmoja ni nzuri na sitaipinga. Spassky wa 1969 alikuwa amejifunza kutoshambulia kwa pupa. Aliuacha mchezo uwe wazi na wenye mvutano pande mbili, na Petrosian, ambaye tayari alikuwa anakaribia miaka 40, alilazimika kuchagua tishio la kuzima na tishio la kuliacha. Kuhusu Fischer, nakuomba usome michezo ya Buenos Aires mmoja mmoja. Fischer aliingia pale baada ya kuwafuta Mark Taimanov na Bent Larsen kwa 6 kwa 0 kila mmoja. Alishinda mchezo wa kwanza, na ukiunganisha na ushindi saba wa mwisho wa mashindano ya kufuzu ya Palma, ukiwemo ule ambao Oscar Panno alisalimu baada ya hatua moja tu, mfululizo wake ulikuwa umefika michezo 20. Aliyeukata ni Petrosian, katika mchezo wa pili. Kisha zikafuata sare tatu. Baada ya michezo mitano walikuwa sawa, 2.5 kwa 2.5, na ni kuanzia wa sita ndipo Fischer alipopata ushindi minne mfululizo. Kuanguka kulikuwepo, sikatai, na kulikuwa kwa kasi. Lakini mtu wa miaka 42 aliyeweza kumsimamisha Fischer yule kwa nusu ya pambano hakuwa ukuta wa udongo.

Na dawa yenyewe haikuenea kama unavyodhani. Mwaka 1981 mjini Tilburg alikutana na Garry Kasparov. Kasparov alikuwa na miaka 18, Petrosian 52. Kijana alishambulia kwa nguvu zake zote, nafasi yake ikapendeza machoni, na mzee akapokea pigo baada ya pigo hadi nguvu za kushambulia zikaisha, kisha akashinda. Kasparov hakuidharau shule hiyo. Katika miaka hiyo ya mwanzo ya 1980 silaha yake kubwa dhidi ya Ulinzi wa Kihindi wa Malkia ilikuwa hatua inayobeba jina la Petrosian: askari wa pembeni anasogea hadi a3 katika hatua ya nne tu. Ukiitazama unaona mtu anapoteza muda. Kazi yake ni kumzuia askofu mweusi asifike b4 kumbana farasi, na kwa kuwa amezuiwa, mweupe anapata uhuru katikati.

Dada wa Pangani

Kwa hiyo kule Armenia wanamkumbuka kwa lipi zaidi, taji au mtindo?

Mleta uzi

Kwa taji, dada, kama watu wote wanavyokumbuka. Alifariki Moscow tarehe 13 Agosti 1984 kwa saratani ya tumbo, na jumba la sataranji la Yerevan linaitwa kwa jina lake. Tangu mwaka 2018 sura yake iko kwenye noti ya dram 2,000. Sataranji ni somo la lazima katika shule zao za msingi tangu 2011, na nchi hiyo ndogo imeshinda Olimpiadi za 2006, 2008 na 2012.

Mwalimu wa Chumbageni

Nimepanga Jumamosi kuwapa wanafunzi mchezo wa malkia h8 bila jina, kama ulivyonishauri, kisha wiki inayofuata ule wa Unzicker. Nina ombi la mwisho. Nipe na mmoja ambao Petrosian aliharibu, kwa sababu watoto wakimwona bingwa hakosei huacha kuuliza maswali.

Mleta uzi

Chukua wa Amsterdam, mwaka 1956, dhidi ya David Bronstein, katika mashindano yale yale ya kumtafuta mpinzani wa bingwa. Petrosian alikuwa na vipande vyeupe na alikuwa amembana Bronstein kabisa, hadi mwenzake akawa anamtembeza farasi mmoja huku na huko kwa kukosa la kufanya. Malkia wa Petrosian alikuwa d6. Farasi yule wa Bronstein, katika matembezi yake, akafika f5, ambako anaigusa d6 moja kwa moja. Petrosian akaendelea na mpango wake, akampeleka farasi wake g5, na malkia akaliwa katika hatua ya 36. Alisalimu papo hapo.

Ukiwapangia wanafunzi, Mwalimu, simamisha ubao hapo Bronstein anapofika f5, na uwape dakika mbili wakueleze farasi huyo amekuja kufanya nini kabla hujawaonyesha Petrosian alichocheza. Mdau wa Raskazone akiwa na nafasi Jumamosi, aje asimamie meza ya pili, maana najua bado hajaisamehe Curaçao.

Mdau wa Raskazone

Nitakuja. Curaçao siisamehi.